Aliyelituliza Gari la Mzee Shembilu

Siku hiyo nilikutwa nimeinama ndani ya boneti ya gari la watu, makalio juu, tai yangu imemezwa na mkanda wa feni, siwezi kuinuka wala kuinama zaidi. Naanza na hilo mimi mwenyewe kwa sababu mkifika Soni mtasimuliwa tu, na watakaowasimulia wataongeza kwamba nililia. Sikulia. Macho yalitoka maji kwa kukabwa.

Tai ya nini gereji? Swali zuri. Maskati nilifanya kazi kwa bwana mmoja aliyetengeneza magari ya wakubwa huku kavaa tai, nikajiambia, kumbe siri yenyewe ni tai. Nimetembea, jamani. Maskati, Durban, Antananarivo, na kila nilikotoka nilirudi na masanduku mengi kuliko akili. Kwetu wananiita Fundi Maskati, na mpaka leo sijajua kama wananiheshimu au wananisema.

Aliyezima injini kabla sijanyongwa ni mwenye nyumba, Bi. Mwantumu. Aliyenikomboa ni jirani yake, Mama Apaikunda, mkunga mstaafu aliyekuwa amekuja kumtazama mgonjwa. Akatoa mkasi mkobani, akaikata ile tai kwa mkato mmoja.

"Vitovu nimekata vingi," akasema, "lakini kitoto chenye mvi ndio kwanza wewe."

Wanawake waliokuwa uani wakacheka. Bi. Mwantumu hakucheka. Alikuwa anatazama dirisha la chumba ambamo mumewe, Mzee Shembilu, alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni, ilhali amelala chali.

Katika waliocheka, watatu ndio wenye hadithi hii. Washikeni vizuri, maana mwisho nitawauliza.

Wa kwanza ni huyo Mama Apaikunda, na kipaji chake kilikuwa sikio. Akiweka kichwa kwenye tumbo la mjamzito, atakwambia mtoto yuko macho au amelala.

Wa pili ni Bi. Salha, aliyeolewa huku juu kutoka Tanga mjini, akaja na biashara ya udi. Kipaji chake kilikuwa moshi. Moshi kwake ni kama mbuzi: ukienda asikotaka, anauita ukarudi.

Wa tatu ni Mwajabu, msusi. Kipaji chake kilikuwa vidole. Anakusuka huku anatazama barabara, anamsema mtu, anakula muhogo, na mistari ya kichwani kwako haipindi hata mmoja.

Na mimi? Mimi nilikuwa na tai, na hiyo ndiyo imeshakatwa.

Sasa gari. Lilikuwa dogo, jekundu lililofifia hadi likawa rangi ya tofali, milango miwili, viti viwili, na turbo, kile kidude kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu mpaka gari linaruka kama limeumwa na siafu. Enzi zake Mzee Shembilu alishindana nalo mbio za kupanda milima, na vumbi lake watu wa Soni walilipigia makofi. Lakini sasa liliugua ugonjwa ambao mafundi wa kwetu tunauita sailensa kuwa juu. Gari likiwashwa na kuachwa bila kukanyagwa mafuta, linatakiwa linong'one. Hili lilikuwa linafoka kama limekanyagwa na mguu wa mtu asiyeonekana.

Kwenye tambarare hiyo ni kero. Kwenye barabara yetu ya kushuka Mombo ni kaburi. Unafika kona, unaachia mafuta, gari linakataa kupoa. Linakusukuma. Unakanyaga breki, breki zinachemka, zinalegea, na pembeni yako kuna korongo ambalo hata kabeji zikianguka hakuna anayezifuata.

Mtasema, liacheni basi, mpandisheni mgonjwa gari jingine. Tulisema hivyo hivyo. Asubuhi ile daktari alikuwa ameshatamka kwamba Mzee ashushwe hospitali kubwa ya bondeni leo, isiwe kesho, maana mapafu yanajaa maji. Gari la wagonjwa likaja. Mzee akakumbatia nguzo ya kitanda kwa nguvu ambazo hatukujua kama bado anazo. Kila tulipomnasua mkono mmoja, ule mwingine ulikuwa umeshajifunga, na pumzi zinazidi kukatika, hata daktari mwenyewe akasema mwacheni, mtamuua hapa hapa.

"Nitashuka na gari langu," Mzee akasema, "au sishuki."

"Gari lako bovu, Mzee!" Bi. Mwantumu akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Bovu! Unataka nikuombe vipi?"

"Basi litulizwe." Akapumzika, akavuta pumzi, akatukusanya kwa macho. "Mimi sina mtoto. Atakayelituliza likanishusha, huyo ndiye atakayelirithi. Mmoja. Sitaki kusikia habari za kugawana. Mnalikumbuka lori la ushirika? Lilikuwa la wote. Wote walipanda, hakuna aliyetia oili. Gari huwa la mtu mmoja."

"Na mimi mkeo?"

"Wewe utalifugia kuku."

Bi. Mwantumu akatoka nje. Dereva wa gari la wagonjwa akaondoka kwenda kwa wenye kukubali kupona. Mimi nikafunga tai, nikafungua boneti.

Msinione mjinga kabisa. Nilikuwa nimeshabadilisha plagi, nimeosha koo la injini, nimelegeza waya wa mafuta, nimekaza ile skrubu ya sailensa mpaka ikagoma. Gari bado linafoka. Hapo nikajua: injini inavuta hewa mahali pasipo na mlango. Kuna mpira umepasuka. Lakini upi? Mipira ya gari la turbo imejazana kama utumbo wa mbuzi, tena mikongwe. Ukivuta wa kubahatisha unakatikia mkononi, unakuwa na majeraha mawili badala ya moja. Nikaingiza kichwa nisikilize. Injini inafoka, feni inavuma, turbo linapiga mluzi. Nikainama zaidi. Yaliyofuata mnayajua.

Mama Apaikunda alipomaliza kunikata kitovu akauliza, "Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Kuna mahali panafyonza hewa, mama. Sipasikii kwa makelele."

"Makelele?" Akanitazama kama anavyotazama baba wa mtoto wa kwanza. "Wewe umewahi kusikiliza moyo wa mtoto kwa mama aliyeshinda na njaa? Tumbo linanguruma kama radi, na mtoto yuko nyuma ya radi. Washa gari."

Akatoa kile kipembe cha mti ambacho wakunga hukiweka kwenye tumbo la mjamzito, alichoachiwa na mkunga aliyemfundisha kazi. Akaweka upande mmoja sikioni, upande wa pili kwenye injini. Akafumba macho. Akahama kidogo, akahama tena, kama anatafuta mgongo wa mtoto. Pale karibu na turbo pana moto wa kuunguza. Kipembe kikaanza kutoa harufu ya mti unaoungua.

"Mama, kinaungua!"

"Nyamaza." Akakikandamiza. Halafu akafumbua macho. "Yuko huku nyuma, upande wa kushoto, chini. Ananyonya kwa pupa huyo. Zima."

Alipokiinua, mdomo wa kipembe ulikuwa mweusi, na ufa umepanda hadi katikati. Akakipangusa kwa kanga, akakirudisha mkobani, akafunga zipu polepole.

Tukawa tumejua mtaa, hatujajua nyumba. Pale nyuma kushoto mipira imekumbatiana, yote mieusi, yote imezeeka. Nikanyoosha kidole kwenye ule mnene. "Huu. Naapa ni huu. Durban niliona wa hivi hivi."

"Durban hiyo hiyo ulikonunua tai?" akauliza Bi. Salha. "Usiapie. Ngoja tuuone."

"Hewa haionekani, Bi. Salha."

"Hewa ya wenzio. Ya kwangu inaonekana."

Akaenda nyumbani kwake, akarudi na makaa kwenye chetezo, kopo la bati la maziwa na pampu ya baiskeli ya mumewe. Mkono wa pili kabeba mkebe alioufunga kwa kitambaa. Tukayajua yaliyomo kwa harufu kabla hajafungua: udi alioupika kwa sukari na marashi kwa ajili ya harusi ya binti yake.

Nikamwambia, "Tumia hata majani makavu, mama, usiharibu."

"Moshi wa majani unakimbia kama mwizi. Huu unakaa. Unaingia hata kwenye nyuzi za nguo."

Akatia makaa kopolini, akamimina udi. Nikatoboa kopo huku na huku: upande mmoja pampu, upande wa pili mpira wa kuingiza moshi ndani ya njia za hewa za injini. Mdomo mkubwa wa hewa nikauziba kwa matambara na kipande cha tai yangu. Mnaona? Hata tai ilikuwa na siku yake. Nikawa napampu, yeye anaupima moshi kwa jicho na kuongeza udi kidogo kidogo, mpaka mkebe ukabaki mtupu na injini bado haijasema kitu.

"Umeisha," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pampu hivyo hivyo. Usisimame."

Nikapampu. Na hapo, si kwenye mpira mnene nilioapia, bali kwenye kimpira kidogo kilichojificha nyuma kabisa, kati ya injini na ukuta wake, ukatoka uzi mwembamba wa moshi mweupe. Ukanyooka kwenda juu, umetulia, unanukia bibi harusi. Kimpira kilikuwa kimepasukia chini, upande ambao jicho halifiki.

Bi. Salha akaufunika mkebe wake mtupu. "Huyo hapo," akasema.

Kimpira cha kubadilisha nilikuwa nacho. Masanduku yangu ya safari yana kila takataka, na siku hiyo nikapata kipande cha mpira wa mafuta wa pikipiki kinacholingana. Tatizo ni pa kupita. Mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko ukakwama. Kwa kawaida unangoja injini ipoe, unafungua kitu kimoja kimoja, kazi inakula siku nzima.

Mama Apaikunda alikuwa ameingia ndani. Akatoka, hakututazama.

"Kucha zimeanza kuwa za bluu," akasema. "Hakuna cha kungoja ipoe."

Bi. Mwantumu akaketi chini, pale pale kwenye mchanga wenye oili, na gauni lake la kushukia mjini.

Mwajabu hakuuliza. Alivua pete, akajifunga kanga kiunoni, akalala juu ya injini ubavu ubavu, akaingiza mkono kule nyuma mpaka begani. Uso wake umegeukia kwetu. Hawezi kuona anachokigusa.

"Nakipata," akasema. "Kimekauka kama nywele iliyounguzwa dawa. Niache nikivue taratibu."

Tuliusikia mkono unapogusa chuma cha moto. Nilitaka kumvuta. Akanikodolea macho. "Ukinigusa nitakiachia humu ndani." Akakitoa kile kibovu kizima kizima, akapeleka kipya, akakipachika huku na huku. Kilikuwa kinalegea, na kibano cha chuma hakikupata nafasi.

"Nileteeni uzi wangu wa kusukia."

Tukampa. Akazungusha, akakaza, akazungusha, akafunga fundo, huku machozi yanamtiririka na midomo ameiuma. Mimi nikiogopa huwa natania, ni ugonjwa. Nikamuuliza, "Umesuka mtindo gani?"

"Twende kilioni," akajibu. "Ndio wa haraka."

Hakuna aliyecheka. Bi. Mwantumu alitutazama wote wawili, nami nikatamani tai ingemaliza kazi yake asubuhi.

Mkono wa Mwajabu ulipotoka, ncha za vidole zilikuwa zimevimba malengelenge, vile vidole vinavyompatia chakula.

Nikatoa matambara kwenye mdomo wa hewa, nikalegeza ile skrubu niliyoikaza kwa hasira, nikaketi kwenye usukani, nikawasha.

Gari likafoka mara moja, kwa mazoea. Kisha mshale wa mzunguko wa injini ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, ukasimama pale unapotakiwa, na injini ikawa inanong'ona. Bomba la moshi likatoa udi. Uani kote kukanukia harusi, na hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele, maana ndani hatukusikia pumzi tena.

Bi. Mwantumu alifika mlangoni wa kwanza. Mzee alikuwa amegeuza uso dirishani. Alikuwa ameziba pumzi ili asikilize.

"Hilo sasa," akasema. "Nivalisheni viatu."

Viti ni viwili. Kimoja cha Mzee, kimoja cha dereva, na katika sisi aliyewahi kuendesha gari la namna ile ni mimi peke yangu. Bi. Mwantumu na wale watatu wakapanda nyuma ya pikapu iliyokuwa inapeleka kabeji bondeni, wakakaa juu ya mizigo, wakatufuata.

Nimeendesha jangwani, nimeendesha Antananarivo ambako kila barabara ni ngazi. Sijawahi kuogopa kama kwenye zile kona. Kila niliponyanyua mguu nilikuwa najiuliza kama uzi wa nywele bado umeshika. Na kila niliponyanyua, gari lilitii. Mzee kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha, pumzi moja huku, nyingine baadaye sana. Mara moja tu alisema kitu, kwenye kona ya maporomoko.

"Gia ya pili, mjinga."

Nikaweka ya pili. Tulipofika hospitali, wauguzi walimtoa kitini kama wanavyotoa nguo iliyolowa.

Wakamweka kitandani, wakamfunika uso kwa kifaa cha hewa. Daktari akasema tungoje. Tukapanga mstari kando ya kitanda. Bi. Mwantumu akawa ameushika ufunguo mkononi, anaufungua mkono, anaufumba. Sauti ya ile mashine ya hewa, na kati ya sauti na sauti, kimya. Kimya kile hakivumiliki. Nadhani ndiyo maana waliyaanza. Mtu anaogopa kusikiliza, anaona afadhali agombane.

"Bila sikio langu," akasema Mama Apaikunda, "mngekuwa bado mnapapasa. Nani alijua ni wapi? Na kipembe changu kimepasuka. Hakuna anayevichonga tena."

"Ulituonyesha mtaa, mama," akasema Bi. Salha. "Nyumba niliionyesha mimi. Bila moshi wangu Maskati hapa angeng'oa ule mnene alioapia, tukapoteza vyote. Na mwanangu ataolewa chumba kikinuka rangi ya ukuta."

"Mlijua, sawa," akasema Mwajabu, mkono wake umefungwa bandeji nyeupe. "Kujua kunashusha mgonjwa? Mngejua mpaka jioni. Aliyelituliza ni aliyelishika. Nitasuka kwa nini mimi mwezi huu, kwa meno?"

"Shhh!" muuguzi akatukemea. Wakapunguza sauti, hawakuacha.

Bi. Mwantumu akawasikiliza wote, machozi hayana hata haja ya kufutwa. "Alisema mmoja," akasema. "Na neno lake silivunji, hasa leo. Haya, niambieni nimpe nani? Msiniambie mgawane. Mnajua alivyolichukia lile lori."

Hapo ndipo penyewe. Nimelitembeza swali hili kuliko nilivyotembeza masanduku yangu. Niliwauliza mabaharia Mombasa, wakasema sikio, kwa sababu asiyejua pa kutazama haoni. Niliwauliza mafundi wenzangu wa Arusha, wakasema moshi, kwa sababu sikio linadanganywa na jicho lina ushahidi. Niliwauliza akina mama sokoni Korogwe, wakasema vidole, tena bila kufikiri, kwa sababu aliyeungua ndiye aliyefanya. Kila niliyemsikiliza nilimwona ana haki, mpaka nimwondokee nikakutane na mwingine.

Sikio lilipata mahali, likalipwa ufa. Moshi ulionyesha tundu, ukalipwa mkebe mtupu. Vidole viliziba, vikalipwa malengelenge. Mmoja asingekuwepo, Mzee angekuwa bado amekumbatia nguzo ya kitanda, au nguzo imemwachia. Na ufunguo ni mmoja.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote huo unatikisa kichwa: ungeuweka mkononi mwa nani?

Msinitazame mimi. Siku ile nilishindwa, nikafanya la kipuuzi, kama kawaida yangu. Niliinama kwenye sikio la Mzee Shembilu, nikanong'ona, "Mzee, wako watatu. Ufunguo tumpe nani?"

Jicho moja likafunguka. Akainua mkono, akakisogeza kile kifaa cha hewa pembeni ya mdomo.

"Sijafa," akasema. "Leta hapa."